Shibiri ya Wifi Yangu

Marehemu mume wangu alianza na kasha. Wenziwe wanaojiundia kompyuta huanza na prosesa, wakatafuta bodi inayoikubali, vingine vikafuata. Yeye aliliona kasha tupu la mtumba huko Ukunda, jeusi, lenye kioo ubavuni, akashindwa kuliacha. Alifika nalo nyumbani Kombani amelipakata kwenye bodaboda kama mtoto.

Dada yake, tuliyekuwa tukiishi naye na ndiye aliyemsaidia kuhariri video za harusi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeleta sufuria, kaka. Mchele uko wapi?"

"Mchele utakuja punje kwa punje."

Punje ya kwanza ilikuwa pawa, kile kijisanduku cha kuingizia umeme. Vyote vingine alikuwa tayari kununua vilivyotumika, lakini pawa alitaka mpya. Alisema pawa ikiungua huwachoma na majirani zake, na umeme wetu tunaujua. Akaifunga kwa skrubu nne, akarudisha kioo. Hakuongeza kitu tena. Asubuhi moja aliamka akishika kifua, akafariki njiani tukimpeleka hospitali Msambweni. Alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Nikakaa eda. Kasha lilikuwa pembeni mwa chumba, limefunikwa leso, na waliokuja kunipa mkono wa tanzia walitua vikombe vya kahawa juu yake bila kujua ni nini. Mimi nilisuka ukili. Ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha shule, mikeka.

Kompyuta ya zamani ilikuwa imechoka. Ilikuwa haifungui tena video za kamera za sasa, na wifi yangu alikuwa na harusi alizokwisha ahidi watu. Nikamwambia tumalize ile ya kaka yake. Kwangu mimi haja ilikuwa moja tu: imalizike ndani ya kasha lile, kama lilivyo, kama alivyoliacha.

Kutoka nje nilikuwa siwezi, na kuzungumza na mwanamume wa kando katika eda sikupenda. Kwa hiyo wifi alimpigia fundi wa Ukunda, kijana wa bara, akaiacha simu itoe sauti, nami nikawa namnong'oneza wifi la kusema.

"Sistee, budget yako ikoje?"

"Ndogo."

"Ndogo kama gani?"

"Hiyo unayotaka kututisha nayo, igawe mara mbili."

Fundi akacheka, akaanza kututajia. Prosesa tukachukua iliyotolewa kwenye mashine za ofisi, na bodi yake. RAM tukachagua kipande kimoja kikubwa badala ya viwili vidogo, ili nafasi moja ibaki, siku Mungu akijaalia tuongeze. Diski mpya ndogo, ya kasi, na ile kubwa ya zamani tutaihamisha. Nilishangaa jinsi nilivyoyaelewa. Mume wangu alikuwa akiyasema peke yake wakati wa kula, nami nilidhani sisikilizi.

Pesa zilizobaki zilikuwa za kadi ya picha, ile inayofanya video itoke upesi.

"Mpime nafasi ndani ya kasha," fundi akasema. "Kadi zingine ni ndefu, zitagonga hiyo cage ya diski."

Nikaingiza mkono, nikapima kama ninavyopima mkeka. Shibiri moja na vidole vitatu. Rula ilikuwamo nyumbani, lakini maisha yangu yote nimepima kwa mkono na mikeka yangu haijarudishwa. Wifi akaenda Ukunda. Alizipima kadi mezani kwa fundi, akachukua ile iliyofika shibiri moja na vidole vitatu barabara, kwa kuwa ndefu ndiyo yenye nguvu.

Ilipofika, haikuingia. Iligonga kijumba cha diski, ile cage aliyoisema fundi, ikabaki nje kwa upana wa vidole viwili na zaidi.

"Ulipima, wifi?"

"Nilipima, wallahi. Si hivi?"

Akatandaza mkono wake ndani ya kasha kunionyesha. Nikaona. Vidole virefu, kucha pana, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani kidogo. Alikuwa na mkono wa kaka yake. Miaka yote tumemenya mihogo pamoja na sikuwa nimeutazama. Niliweka wangu kando ya wake, na wangu ukaishia nyuma sana.

Alitaka kuutoa.

"Usiuondoe kwanza," nikamwambia.

Akauacha. Yeye ndiye aliyelia. Mimi machozi hayakuja, nilikuwa nautazama tu.

Baadaye alimpigia fundi.

"Hiyo ni kitu ndogo," fundi akasema. "Kata hiyo cage na grinder, dakika tano mmemaliza."

Nikatikisa kichwa. Wifi akaziba simu kwa kiganja.

"Kaka angelikata, wifi. Unamjua."

"Namjua."

"Basi?"

"Basi mimi si yeye. Sitaki likatwe."

Aliirudisha kadi, fundi akanung'unika kidogo, akambadilishia na nyingine fupi, hafifu. Hiyo iliingia.

Eda imekwisha sasa, na kompyuta inafanya kazi. Lakini harusi ikiwekwa asubuhi, hutoka alasiri. Kwa ile kadi ndefu ingekuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Wifi ameshakataa kazi za watu kwa sababu hiyo, na sababu hiyo ni mimi, kwa ajili ya kipande cha bati kilicho ndani, kisichoonekana hata kwenye kioo. Najua kwamba mume wangu angenicheka.

Video inapotoka, wifi huweka kiganja juu ya kasha kusikiliza joto, kama kaka yake alivyoifanyia ile ya zamani. Hukaa hivyo kitambo kirefu, akichezea simu kwa mkono wa pili. Nami huwa nimekaa mkekani na ukili wangu. Akilalamika kwamba kadi ni nzito, video haitoki upesi, mimi huendelea kusuka, nikiutazama mkono ule ulio juu ya kasha.