Ulimi wa Mama Chumvi

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Chumvi, na jina hilo lilimganda kama kupe.

Kazi yake ilikuwa kuosha. Unga wa metali ya titani ulichanganywa na chembe za chumvi, ukashindiliwa kwa mashine ukawa vipande vya kutengenezea nyonga za bandia za wagonjwa. Yeye alivilaza majini, akabadilisha maji, akabadilisha tena, mpaka chumvi iyeyuke yote na kuacha vitundu vitupu kama vya sifongo. Humo ndimo mfupa ungeota na kushika. Chumvi ikibaki, moto wa tanuri huiharibu titani, na kipande huja kukatika ndani ya mwili wa mtu.

Alijuaje kwamba imeisha? Alichovya kidole katika maji ya mwisho, akalamba. Kipimo kilikuwepo, kikaharibika. Wenye kiwanda walipoona ulimi wa mama huyu haudai betri wala spea, hawakununua kingine. Miaka ikaenda. Mikono ikakunjamana, na mgongo ukawa wa kubembelezwa kila asubuhi ndipo unyooke.

Mchana mmoja fundi wa tanuri, aliyekwisha kupanga vipande ndani tayari kwa moto, alivuta kiti kudokoa chakula cha Mama Chumvi kama kawaida. Kijiko cha kwanza tu, akatema.

"Mama Chumvi! Huu mchuzi au bahari? Kazi ya watu usiihamishie jikoni!"

"Acha utani wako. Kula."

"Haki ya Mungu, hauliki."

Mama Chumvi akatazama bakuli. Nusu alishaila mwenyewe, wala hakusikia kitu. Akamkumbuka mumewe jana mezani, akishushia gilasi ya maji juu ya gilasi bila neno. Mzee wa watu, hataki ugomvi.

Basi na maji ya vile vipande aliyaonja kwa ulimi huu huu. Angeweza kunyamaza. Mwoshaji asiye na ulimi ana kazi gani hapa? Lakini mahali fulani kulikuwa na mtu anayesubiri kusimama tena kwa miguu yake.

"Tanuri umewasha?"

"Bado. Nilisema nishibe kwanza, sasa kwa mchuzi huu..."

"Usiwashe. Njoo uonje maji yangu ya mwisho, bado yako kwenye beseni."

"Mimi tena? Mwenye ulimi si wewe?"

"Onja, mdogo wangu."

Aliposikia "mdogo wangu," utani ukamwisha. Akachovya, akalamba, uso ukamkunjamana.

"Pole, dada," akasema, na kwenda kufungua mlango wa tanuri.

Walikuwa wakivitoa vipande kimoja kimoja meneja alipopita na kuuliza kulikoni. Fundi akafungua kinywa kumtetea, Mama Chumvi akamtangulia.

"Ulimi wangu umechoka, bosi. Hausikii tena. Nunueni kipimo."

Hakungoja jibu. Alifungua bomba, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri beseni lijae aanze kuviosha vipande upya.