Hukumu za Barazani kwa Bashi Lombe

Mimi ni Mngoni, Bashi Lombe ni Mbemba, kwa hiyo tangu nihamie Wusakile, mtaa huu wa wachimba mgodi, hajawahi kuniamkia vizuri hata siku moja. "Mla panya, umeamka?" Hiyo ndiyo shikamoo yake. Nami humjibu, "Nimeamka, mla nyani. Ulitaka nife urithi cherehani?" Babu zetu walichapana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi matusi. Hata msibani kwao mimi ndiye ninayesimama katikati ya waliao na kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na hakuna anayenuna. Mtani hanuniwi.

Bashi Lombe alifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mashine ya kutoboa miamba, ile inayomtikisa mtu mpaka meno. Amestaafu na kikohozi, mke mwema na televisheni kubwa. Wenzake walipostaafu waliingia kwenye pombe, wengine kwenye kanisa. Yeye aliingia kwenye gemu. Ana mashine mbili za kuchezea, moja ya zamani na moja mpya kidogo, na kompyuta yenye feni inayokoroma. Mke wake, Bana Lombe, maana huku Bashi ni baba na Bana ni mama, anauza nyanya sokoni. Watu wakimcheka kwamba mumewe mzee anacheza vitu vya watoto huwajibu, "Heri gemu kuliko kachasu. Gemu haijawahi kumtapisha mlangoni kwangu."

Lakini kucheza ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mdomo. Jumamosi, umeme ukirudi, watu hujaa barazani kwake kusikia ameipimaje gemu fulani. Siame, fundi wa simu wa pale njia panda, ndiye humletea diski mpya azionje kabla ya wengine kununua. Na mzee hakuwahi kumwogopa mtengenezaji yeyote.

"Hii ya mpira usinunue," atasema. "Ni ya mwaka jana, wamebadilisha jezi tu. Unauziwa shati lako mwenyewe lililopigwa pasi."

"Na ile ya mapanga, mzee?"

"Ile inataka intaneti hata kufungua mlango! Nimenunua kuku, nafika nyumbani naambiwa nisubiri mabawa yaletwe. Wapelekee salamu."

Gemu zisizokuruhusu kuhifadhi mchezo mpaka ufike mahali fulani alizichukia kabisa. Alisema aliyezitengeneza kwao umeme haukatiki, na mtu ambaye kwao umeme haukatiki asitufundishe uvumilivu. Kuna moja ya kompyuta ya kuchimba madini, vijana wanaililia. Yeye aliicheza kidogo, akaizima. "Hakuna vumbi, hakuna msimamizi, hakuna anayekufa. Huo ni mgodi au bustani?" Na zile za kukaa na kufikiri, wewe unasogeza askari wako, kompyuta inasogeza wake, aliziita gemu za wodini. Gemu ni mkono, alisema. Kama mkono hauna kazi, kasome gazeti.

Mimi alinifundisha gemu moja tu, ya ngumi, ya watu wawili. Siku nzima niko kwenye cherehani, miguu inawaka, mgongo umekufa, basi jioni nilikuwa napita kwake kukaa kidogo. Akanipa padi, kile kidude cha vitufe, akaniambia, "Shika, Mngoni, nikupige kwa niaba ya babu yangu." Akanipiga. Akanipiga miaka. Kila nikianguka anaimba, "Mlikimbia vita huko kusini, hapa mtakimbilia wapi?" Bana Lombe alikuwa akicheka jikoni mpaka nshima, ugali wetu, inaungua.

Kisha ukaja msimu huu wa baridi, nikaanza kushinda.

Sikuamini. Mara ya kwanza niliruka kwenye kiti nikazunguka uwanja nikipiga vigelegele, majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa. "Nyani ameanguka mtini!" nikawaambia. Mara ya pili nikashangilia tena. Mara nyingine nikanyamaza, maana mimi najijua. Sijawa hodari. Nacheza vile vile nilivyocheza siku zote, kwa kupapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Yeye alikuwa na maelezo. Padi imechakaa. Televisheni inachelewesha picha. Umeme wenyewe ni dhaifu, unakuja umechoka. Siame alipomletea toleo jipya la gemu ile ile ya ngumi, ambalo watu walikuwa wakilisubiri kwa hamu, mzee alilicheza kutwa nzima, na Jumamosi akalipasua vipande vipande. "Mbovu. Unabonyeza leo, inajibu kesho. Wameua gemu yetu."

Siame akajikuna kichwa. "Mbona kwangu inakwenda vizuri tu, mzee?"

"Kwako hata redio isiyo na betri inaimba vizuri."

Watu wakacheka, na hakuna aliyelinunua. Neno la Bashi Lombe ndilo lilikuwa neno, na alijua hivyo. Asingekuwa na neno hilo, angekuwa mstaafu mwingine tu anayekohoa barazani, na katika mtaa wetu hao hawahesabiki.

Nilielewa kwa sababu ya chai. Bana Lombe alituletea chai kwenye vikombe vya bati, ya moto hasa. Changu nilikiweka chini nikipuliza vidole. Bashi Lombe alikipokea chake kwa viganja vyote viwili, akakikumbatia, akaendelea kunieleza kwa nini gemu za magari za siku hizi hazina uzito. Alieleza sana. Alipokiweka chini viganja vilikuwa vimeiva, na ncha za vidole zimepauka kama zimepakwa unga. Akaona ninatazama. Akaingiza mikono mifukoni.

Ee Mungu wangu. Mtaa huu wote tunaijua mikono ile. Baba yangu mdogo alikuwa nayo. Mashine ya kutoboa inaanza kula vidole ungali kijana, inakula polepole, na baridi ikija ndipo unapoona kilichobaki. Mwisho mtu hajui kama amefunga vifungo vya shati mpaka atazame. Gemu haikuwa inachelewa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka uchovu usio wa kazi. Nikajiambia, mama, utafanya nini? Nikafanya jambo la kijinga. Nikaanza kumwachia.

Tulikuwa sasa tunacheza lile toleo jipya, nikajifanya nimebonyeza vibaya. Nilimsogeza mpiganaji wangu ukutani akasimama pale akingoja kipigo. Bashi Lombe akashinda, akaimba wimbo wake wa vita huko kusini, nami nikalaani kwa sauti kubwa. Jumamosi ile akawaambia watu kwamba pengine toleo jipya si bovu sana, huenda linataka kuzoewa. Nilimwona alivyofurahi, roho ikaniuma. Nikaendelea hivyo wiki kadhaa, na kila nikitoka pale nilijiona nimemwibia kitu.

Jioni moja, katikati ya pambano, akaweka padi mezani. Mpiganaji wangu alikuwa ukutani, mikono chini.

"Leo hakuna utani," akasema.

Nyie, kwetu hilo ni neno la kutisha. Afadhali angenitukana.

"Bana Taonga." Hakuwahi kuniita kwa jina la mwanangu, hata siku moja. "Unaniachia."

"Nani akuachie wewe, mla..."

"Nimesema hakuna utani. Tangu lini Mngoni akamhurumia Mbemba? Bana Lombe akinihurumia, ni mke wangu. Daktari akinihurumia, ndiyo kazi yake. Mtani akikuonea huruma, ujue sanduku lako limeshapimwa. Mimi sijafa."

Nikasema tu ukweli. "Nimeona mikono."

"Kila mtu ataiona. Sikutaka uwe wewe wa kwanza kunizika." Akashika tena padi, akaitazama ili ajue vidole vimekaa wapi. "Haya. Nipige."

"Siwezi."

"Basi usije tena hapa."

Nikampiga. Nilimpiga kama alivyokuwa akinipiga mimi, bila kumpa nafasi ya kuinuka, na machozi yananitoka hata sioni skrini vizuri, na bado nilishinda. Akasema, tena. Nikampiga tena. Hakuimba, hakulaumu padi wala umeme. Alipochoka alisema asante, akaenda kulala, nami nikabaki na Bana Lombe tukiosha vyombo.

Jumamosi iliyofuata baraza lilijaa. Gemu nyingine ya ngumi ilikuwa imetoka, Siame anayo mkononi, lakini kwanza alitaka kufunga hesabu ya lile toleo lililopita. "Mzee, mara ulisema bovu, mara linataka kuzoewa. Watu wananiuliza. Tununue au tusinunue?"

Mikono ya Bashi Lombe ilikuwa mifukoni.

"Nunueni," akasema. "Ni gemu nzuri. Pengine ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja. Haichelewi kitu. Mimi ndiye ninayechelewa. Vidole vimekwisha, jamani, vilibaki chini kule. Niliwadanganya."

Baraza zima likanywea. Siame akawa anaigeuza ile diski kana kwamba imeandikwa cha kusema. Kuna wazee pale walioificha mikono yao wenyewe chini ya meza. Kisha, mmoja mmoja, wote wakanigeukia mimi.

Ndiyo kazi ya mtani. Jambo likishakuwa zito hivyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulibeba. Nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli, lakini nilisimama nikashika kiuno.

"Ulidhani utakula nyani wa watu maisha yako yote bure?" nikamwambia. "Sasa nyani wamekuja kuchukua mikono yao!"

Bashi Lombe akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na wengine wote wakaangua kicheko, Siame akalazimika kukaa chini. "Huyu mla panya," alisema, "huyu mla panya ataniua." Akatoa mikono mifukoni, akaninyooshea yote miwili mbele ya watu, huku amegeuka upande akimtazama mkewe aliyekuwa anatoka na vikombe. Nikaishika. Ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Nikaibana kwa nguvu zangu zote.

"Umeishika?" akauliza, bado hajageuka.

"Nimeishika," nikamwambia.