Nyeupe za Verna Saarela

Verna Saarela alizaliwa Hibbing, kaskazini mwa Minnesota, ambako vumbi la chuma lilipaka kila kitu wekundu: mashuka kambani, theluji ya dirishani, hata masikio ya baba yake, Eino, alipotoka mgodini. Siku Verna alipomwonyesha mzee huyo picha yake kubwa ya kwanza, mzee aliizunguka kama mtu anayekagua farasi.

"Hii ni picha ya nini?"

"Si ya kitu, Baba. Ni rangi tu."

"Rangi tu? Basi mbona imekukondesha hivyo?"

Lakini hakumkataza. Jumapili hiyo hiyo alimchongea fremu ya msonobari.

Kwenye shule ya sanaa Minneapolis, mwalimu mmoja alimwambia wazi kwamba wasichana huishia kuolewa, brashi zao zikakauka. Verna alikwenda kununua brashi nyingine. Aliolewa kweli, akazaa mtoto mmoja, akaachika, na brashi hazikukauka. Mwaka 1969 alipata kazi ya kufundisha uchoraji katika chuo kimoja mjini Duluth, akakaa hapo miaka thelathini na saba. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alikuwa amesimama mbele ya turubai lake la kuchorea. Saa tatu yuko darasani, rangi bado kwenye kucha. Aliosoma nao walikwenda New York wakapata majina. Yeye alipata maonyesho madogo ya hapa na pale, na barua moja gazetini iliyosema kwamba hata mjukuu wa mwandishi wake angeweza kuchora vile. Barua aliibandika juu ya sinki.

"Mleteni huyo mjukuu," alikuwa akisema. "Nafasi ipo."

Wanafunzi walimwogopa kwa zoezi la wiki ya kwanza: wachanganye nyeupe ishirini, kila moja tofauti na nyingine. Mwaka 2003 msichana mmoja wa Eveleth, Marcy Drobac, aliinua mkono akaonyesha karatasi ya mfano aliyoipaka mwalimu mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu. Hiyo yako ya saba si nyeupe. Ni manjano."

Darasa lilicheka. Verna naye alicheka, ila kwa ubaya.

"Macho yako bado machanga, binti. Anza upya zote ishirini."

Marcy alianza upya, na ya saba akaifanya bila manjano, vile vile alivyoiona yeye. Mwisho wa muhula Verna alimpa D. Mwaka uliofuata msichana hakurudi.

Verna alistaafu, akaendelea kuchora kwenye gereji yake. Alipofikisha miaka sitini na minane, daktari alimtoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Bandeji ilipoondolewa, alikwenda moja kwa moja gereji. Akafunika jicho la kulia: picha zake zilikuwa kama alivyozijua. Akafunika la kushoto. Nyeupe zake zote zilikuwa manjano; kumbe ule utando wa jicho ulikuwa umemficha manjano hiyo miaka yote. Nyingine kama siagi, nyingine kama meno ya mvuta sigara. Kazi ya miaka kumi, picha ishirini na tatu, na zilikuwa zitundikwe kwenye maonyesho Minneapolis baada ya wiki sita.

Alimpigia simu Gordon Pruitt, mwenye ukumbi wa maonyesho hayo.

"Usiguse kitu, Verna. Watu wanazipenda hivyo zilivyo."

"Hawajui nilichokusudia."

"Na wewe hukujua ulichofanya. Basi ngoma droo."

Alikata simu, akachukua brashi. Kwa siku tatu alirekebisha picha moja, na kila alipoongeza nyeupe mpya ilikaa juu ya picha kama plasta juu ya kidonda. Siku ya nne aliweka brashi chini. Aligundua kwamba kilichokuwa kikimsumbua si picha. Ni uso wa yule msichana.

Akaanza kumtafuta, akiuliza huyu na yule, mpaka akaambiwa Marcy anachanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya daraja, mjini Superior. Alikuwa bado amekatazwa kuendesha gari, hivyo alipanda basi, miwani myeusi usoni. Ilikuwa Jumamosi na duka limejaa. Marcy alikuwa nyuma ya kaunta, amezeeka miaka sita, makopo pande zote.

"Marcy Drobac. Ya saba ilikuwa manjano."

Marcy aliweka kopo chini. "Umekuja mpaka huku kuniambia hivyo? Mimi najua."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Mwalimu, ulinifanya nichekwe mbele ya watu."

"Mlikuwa wangapi darasani?"

"Kumi na wanne."

Verna aligeuka, akahesabu wateja. "Hapa wako tisa. Naanza na hawa." Akapaza sauti kama aliyeko darasani. "Jamani! Huyu dada aliona sawa, mimi niliona vibaya, nikampa D. Macho mabovu yalikuwa yangu!"

Mzee mmoja mwenye kopo la vanishi akasema, "Sasa, dada, umemsamehe au bado? Sisi tuko kwenye foleni."

Marcy alicheka akiwa bado amekasirika. "Nitafikiria," akasema. "Kaa hapo pembeni, usizuie watu."

Verna alikaa mpaka duka likafungwa. Nyumbani aliandika barua kwa wale wengine kumi na watatu. Kisha akaandikia chuo kibadilishe maksi. Ofisi ilijibu kwamba muda umepita. Akaandika tena, na tena. Barua ya nne ndiyo iliyowachosha, wakabadilisha.

"Sasa nina A, na sina pa kuipeleka," Marcy alimwambia kwenye simu. Hakutaka kurudi chuoni; kazi yake aliipenda. Ila kwenye maonyesho alifika, akasimama mbele ya ile picha iliyoharibiwa na marekebisho, ambayo Verna alikuwa amelazimisha itundikwe pamoja na zingine.

"Hii ni mbaya kweli," akasema.

"Mbaya sana," alisema Verna. "Nataka waione."

Majira ya baridi yale alitolewa mtoto wa jicho la kushoto, akaanza upya kabisa. Picha yake kubwa kuliko zote, mita tatu kwa nne, aliianza akiwa na miaka sabini na minne. Ilimchukua miaka miwili. Sehemu ya chini aliichora amekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu magoti yalikataa, na sehemu ya juu aliichora hivyo hivyo, baada ya kuigeuza picha kichwa chini.