Kitambaa juu ya kompyuta

"Diski imekufa." Fundi kutoka Konde amenithibitishia leo adhuhuri, nyumbani kwetu Wete.

Ndani yake imo sauti ya marehemu baba akisoma Yasini. Mama huisikiliza kila Ijumaa. Nakala nyingine sina.

(Najua. Msinisute.)

Kwa wiki mbili kompyuta ilikuwa inaganda na intaneti inakatika. Nililaumu mtandao. Nikazima, nikawasha, nikapiga simu kulalamika.

Kumbe kila nikienda kazini nikaiacha inawaka, mama huifunika kompyuta pamoja na modemu kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Nilikiona kila siku nikirudi, nikakiondoa bila kuwaza.

Fundi alikinyanyua kwa vidole viwili.

"Bi Mkubwa, hii hupumulia huku nyuma. Imepikika."

"Mie nakinga vumbi, mwanangu," mama akamjibu. Kisha akanigeukia: "Basi Ijumaa n'tamsikiliza wapi?"



Mwenye kompyuta iliyofunikwa aifunue sasa hivi, halafu aniambie hapa chini.

Fundi anasema Unguja yupo mtu anayefungua diski na kuokoa yaliyomo, ila hakuahidi kitu. Diski inaondoka na meli ya Jumatatu asubuhi.

Mama ameshaiviringisha ndani ya kitambaa kilekile.