Baba mkwe, bata mzinga na kiporo

Baba mkwe amenishinda kwa hoja leo, na nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mnanijua. Mwezi mzima nimebishana nanyi hapa kwamba bata mzinga anafaa kabisa meza ya Krismasi ya Kyerwa. Jana nikamchoma mzima, nikamweka katikati ya ndizi, maharage na wali.

Baba mkwe, mfugaji wa ng'ombe tangu utoto, akamtazama yule bata.

"Mama Neema, kwetu hatuli ndege."

Akanywa maziwa tu, kisha akatangaza kwamba asubuhi anarudi kwake Nyakatuntu.

Mume wangu akaninunia. Baba yake kuondoka kwetu na njaa, tena sikukuu! Ukoo mzima ungeliimba hilo miaka na miaka.

Leo asubuhi nikanyambua nyama iliyobaki, nikaipika pamoja na ndizi kwa karanga.

Mzee akaja jikoni kuaga, kofia kichwani, bodaboda akimsubiri nje. Akanusa. Akaketi. Akala sahani nzima.

Mimi na mdomo wangu, ningenyamazaje?

"Baba, huyo ni bata yule yule wa jana."

"Ndege ana mabawa," akasema, huku akisogeza sahani niongeze. "Nionyeshe mabawa."

Pamoja na vitabu vyote nilivyosoma, nikampakulia tena.

Bodaboda ameambiwa arudi kesho kutwa.

Na mzee ameshaagiza: Krismasi ijayo nisimpikie bata, nimpikie kiporo.

Mliokula bata mzinga jana, leteni menyu zenu, na mnieleze kiporo kinapikwaje kabla ya chakula chenyewe.