Siku Niliyovua Samoni Katika Mto Vaal

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, mbele ya watu waliokuja kunipongeza kwa kuchaguliwa chuo cha uvuvi, alisema mtoto wa Kongwa kusomea samaki ni sawa na mtoto wa Kongwa kusomea theluji, kwamba kwetu samaki hufika akiwa amekauka na kufungwa kwenye gazeti, na kwamba hata nikirudi na karatasi yenye mhuri sitaweza kumtoa samaki hata mmoja majini kwa mkono wangu mwenyewe. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama yangu alitazama chini.

Basi diploma niliipata (daraja la kwanza, nalisema bila aibu, cheti kiko ukutani sebuleni, anayebisha aje akione), nikaenda Afrika Kusini kwa nauli yangu, nikarudi na akili yangu na fani yangu, na leo nina mabwawa manne ya samaki hapahapa Kongwa penye ukame. Lakini katikati ya kwenda na kurudi ipo siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka najifunika uso kwa shuka, na leo naisimulia kwa sababu waliohusika wananidai shukrani ambazo sijawahi kuzitoa vizuri.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kaunta ya samaki katika duka moja la chakula Sandton, nikimkata samoni, yule samaki wa nyama ya rangi ya machungwa anayetoka nchi za baridi akiwa amelala kwenye barafu kama mfalme, na hakuna mtu pale dukani aliyemkata samoni kama mimi, kisu changu kilikuwa hakiachi nyama mfupani hata ya kumlisha paka. Jioni nilirudi Marshalltown, kwenye chumba nilichokaa na Shaaban, jamaa wa Tanga aliyeuza mikanda na makoti barabarani. Maisha yalikwenda. Kisha meneja akatutangazia kwamba kaunta ya samaki itafungwa mwisho wa mwezi na sisi wakataji tutafute pengine. Hapo nikaanza kumsikia mjomba akicheka, kutoka Kongwa mpaka Sandton, bila simu.

Siku tatu baadaye akaja Mzee Kobus. Huyu alikuwa Kaburu wa makamo, mwenye ndevu nyeupe na kaptura majira yote, aliyefuga samaki wa trauti na kutotolesha vifaranga vya samaki shambani kwake karibu na mto Vaal, na dukani kwetu alileta trauti kila Jumanne. Akanitazama ninavyokata, akauliza, "Wewe, samaki umejifunzia wapi?"

Nikamwambia nina diploma. Akaitikia kwa kichwa, akasema anatafuta mtu wa kumsaidia shambani, na pia kuwasindikiza wageni wake wanaovua kwa fimbo mtoni. "Kuvua kwa fimbo unajua?"

Hapa ndipo penyewe. Jibu la kweli lilikuwa fupi, "hapana," kwa sababu chuoni tulivua kwa nyavu, na mara nyingi zaidi tulivua kwa daftari. Lakini mimi nikanyoosha mgongo, nikafuta kisu, nikasema, "Mzee, hiyo ndiyo fani yangu. Nimevua samoni miaka kumi."

"Samoni?" akauliza.

"Samoni," nikasema.

Akanitazama kidogo, kisha akasema Jumamosi ana wageni wanne mtoni, niende, tuonane kwa vitendo.

Nilitoka kazini nikaingia duka la intaneti Marshalltown, nikatafuta samoni, nikapata makala ya Kiingereza yenye vidokezo kwa wanaoanza kuvua samoni katika maziwa makubwa na mito. Kurasa sita! Nikachapisha zote, nikazisoma usiku na mchana, nikazikariri kama vile nilivyokariri sehemu za samaki chuoni: samoni anapenda maji baridi, nenda alfajiri, simama penye mkondo mkali, tumia kijiko kinachong'aa chenye ndoano, usipige kelele, usivushe kivuli chako juu ya maji. Hakuna mahali nilipojiuliza kama katika mto Vaal yumo samoni. Mtu mwenye diploma hajiulizi maswali madogo namna hiyo.

Vifaa sikuwa navyo, na hapa ndipo ninapowashukuru watu. Wanjohi, Mkenya aliyefanya kazi benki Sandton na aliyekuwa mteja wangu wa samoni, alikuwa na fimbo ya kuvulia aliyoinunua kwa mbwembwe na hajawahi kuitoa kwenye mfuko. Akanipa, ila kwa maonyo. "Sikiza, hiyo fimbo ni ghali kuliko wewe. Irudi vile imeenda, umeskia?" Nestor, Mrundi mtaratibu aliyeosha magari Newtown, akanipa gambuti zake za kazi. "Mon frère, ndugu yangu, kuwa nazo, lakini siku ya kwanza, Jumatatu, nazihitaji, maji ya sabuni yananikata miguu." Na Shaaban, baada ya kunicheka dakika kumi nzima, alichomoa kwenye bidhaa zake kizibao kipya chenye mifuko kumi na minne.

"Wewe bwana, mvuvi gani hana hata uzi wa kushonea?" akaniambia. "Hebu vaa tukuone. Eee, walahi umependeza, utadhani umeshawahi kumwona samaki."

Jumamosi alfajiri Mzee Kobus alinichukua kwa pikapu yake. Wageni walikuwa wanne, wanaume watatu na mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bibi Elna, ambaye kofia yake ilijaa ndoano ndogondogo zenye manyoya, na aliyekuwa akivua mto ule tangu ujana wake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvua. (Ndiyo, mmesoma vizuri.) Nikawapanga wote ukingoni, nikawaeleza kuhusu maji baridi na mkondo mkali, nikamkataza Bibi Elna kusimama pale anaposimamaga miaka yote, maana kivuli chake kinavuka maji, nikawaambia wanyamaze. Wakanyamaza. Walikuwa na adabu kupita kiasi.

Kisha nikaingia mtoni kuwaonyesha. Hatua ya tatu gambuti zilijaa maji, hatua ya tano jiwe likateleza, nikakaa kitako katikati ya mto Vaal na kizibao changu cha mifuko kumi na minne kikavimba kama mkate wa kumimina. Nikainuka kana kwamba nilikusudia. Nikarusha fimbo mara ya kwanza, kijiko kikaenda nyuma badala ya mbele na kuichukua kofia ya Bibi Elna na kuitoboa. Nikarusha mara ya pili, kikanasa mti. Mzee Kobus alikuwa anakuna ndevu tu. Mara ya tatu kijiko kilianguka majini hatua chache kutoka nilipo, mahali ambapo makala ilisema hapafai kabisa, na ndipo uzi ukakazika.

Jamani, nilivutwa! Nilivutwa nikapiga magoti, buti moja likachomoka na kwenda zake na mto, nikashika fimbo kwa mikono miwili na kwapa, nikapiga kelele zote nilizowakataza wengine, na baada ya muda ambao mimi niliuona kama robo siku akatokea samaki mkubwa wa rangi ya dhahabu, magamba kama sarafu mpya, mrefu kuliko mkono wangu. Wageni wote walikuja mbio wakinishangilia. Bibi Elna, ambaye kofia yake ilikuwa bado na tundu, alinipiga begani akasema hajamwona samaki wa manjano wa ukubwa ule kwa miaka mingi.

"Ngoja hapohapo!" akasema Mzee Kobus, uso umemng'aa. "Nisubirini!" Akakimbilia kwenye pikapu na wageni nyuma yake.

Mimi kwa akili yangu nilijua anakimbilia nini. Kwetu mtu akipata samaki na mwenyeji akakimbia, anakimbilia sufuria. Nikasema leo ndiyo siku ya kuionyesha fani, asije akarudi akanikuta nimeduwaa. Nikaiweka fimbo chini, nikampiga samaki jiwe moja la kichwa, nikatoa kisu cha kaunta (nilikuja nacho, kisu hakiniachi), nikamparua, nikamtumbua, nikamkata. Dakika tatu. Nilipomaliza nilikuwa na fileti mbili safi ambazo hata samoni, mfalme wa Sandton, angeziachia barafu yake, nikazipanga juu ya majani mapana, nikazinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi harusini.

Wakarudi. Mzee Kobus alishika kamera. Mmoja wa wageni alishika mzani, mwingine mkeka uliolowa maji wa kumlazia samaki asijeruhiwe. Maana samaki wa manjano, ndugu zangu, watu wale hawamli. Wanamvua, wanampima, wanapiga naye picha kwa sekunde chache, wanamrudisha majini kwa mikono miwili na wanamwangalia mpaka apotee.

Mzee Kobus akashusha kamera. Mwenye mkeka akaanza kuukunja.

Nikaona lazima niokoe jahazi, na kitu pekee nilichokuwa nakijua kwa kweli duniani kilikuwa cha darasani. Nikachukua gamba moja, nikaliinua kwenye jua, nikahesabu duara zake moja moja, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Samaki huyu ana umri wa miaka kumi na miwili."

Bibi Elna akakaa chini juu ya jiwe, akavua kofia yake.

"Kumi na miwili," akasema Mzee Kobus polepole. "Sawa na mjukuu wangu."

Nikageuka nitafute fimbo ya Wanjohi angalau nishike kitu, fimbo haipo, nilikuwa nimeiweka penye maji na mto umeichukua kama ulivyochukua buti la Nestor. Nikatoa zile kurasa sita kwenye mfuko wa kumi na moja wa kizibao, zimelowa, nikampa Mzee Kobus, nikamwambia yote: kwamba sijawahi kushika fimbo, kwamba kaunta inafungwa, kwamba nina mjomba.

Akasoma kichwa cha makala kwa sauti. "Samoni." Akautazama mto. "Katika Vaal." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na wageni wakacheka, na mwisho Bibi Elna naye akacheka huku akijifuta macho, akasema, "Kijana, samoni wa karibu kabisa yuko kwenye kaunta yako."

"Aliyekufa hatupwi," akasema Mzee Kobus. Wakawasha moto, tukamla yule samaki sote sita, kwa heshima kama matanga, na alikuwa na miiba mingi ajabu, nadhani alikuwa analipiza. Nilipokuwa najitayarisha kuomba kupelekwa barabarani nikatafute teksi ya kurudi mjini, Mzee Kobus akaniuliza, "Hizo duara za gamba, nani alikufundisha kuzihesabu?"

"Diploma, mzee."

"Basi diploma ni ya kweli," akasema. "Mwongo ulikuwa wewe. Njoo mwezi ukianza, uoshe matangi."

Nikaosha matangi. Mimi, daraja la kwanza, niliosha matangi ya vifaranga kwa brashi miezi mingi, na namshukuru Mungu kwa kila tangi, maana yule mzee alinifundisha taratibu yote ambayo daftari halikunifundisha, namna ya kukamua mayai ya samaki bila kumuumiza, namna ya kusikia kwa kidole kama maji yamekosa hewa, na siku za Jumapili Bibi Elna alikuja kunifundisha kurusha fimbo, akiwa amevaa kofia ileile yenye tundu (alikataa katakata kuishona, alisema ni cheti changu cha pili).

Wale walionikopesha hawakuniaibisha. Nestor aliosha magari Jumatatu ile kwa viatu vya ngozi na hakunipigia hata simu ya lawama. Wanjohi alinipigia, nyingi, lakini aliendelea kunisalimia. Shaaban alikitundika kile kizibao dirishani miezi miwili na harufu haikutoka, akaishia kukivaa mwenyewe.

Kabla ya kurudi nyumbani nilichukua siku moja nzima kuwalipa. Asubuhi nilikuwa Sandton, nikampa Wanjohi fimbo mpya, akaitazama, akasema, "Hii ni poa kuliko ile yangu. Sasa utanionyesha vile inatumika?" Nikamwonyesha palepale kwenye maegesho, watu wakitushangaa, na kofia ya mtu haikuguswa. Newtown nilimkuta Nestor, nikampa gambuti mpya, akazivaa papo hapo, akamaliza gari alilokuwa analiosha ndipo akanikumbatia, nikalowa mimi. Marshalltown nilimpa Shaaban koti la ngozi. Akalinusa kwanza.

"Leo hujaenda kuvua?" akauliza.

"Naenda sasa hivi," nikamwambia.

Kwa sababu alikuwa amebaki mmoja wa kulipwa. Jioni hiyo, jua bado lipo, mimi na Mzee Kobus tulishusha ndoo sita kwenye pikapu, vifaranga vya samaki wa manjano niliowatotolesha mwenyewe na kibali cha kuwaachia mtoni kikiwa mfukoni, na Bibi Elna akaja na kofia yake. Safari hii nilivaa viatu vinavyofaa. Nikaingia mtoni hatua ya tatu, hatua ya tano, nikainamisha ndoo moja baada ya nyingine polepole, na wale wadogo wakakaa kidogo kwenye vivuli vya miguu yangu, wakanizunguka, kisha wakashika mkondo.

Tangu siku ile mtu akiniuliza kama najua jambo nisilolijua, najibu sijui, hata mbele ya mjomba. Yeye alisema sitamtoa samaki majini. Nilimtoa mmoja, mjomba, na nimewarudisha wengi. Niliinua ndoo ya mwisho, nikaikung'uta kuhakikisha hajabaki hata mmoja ndani, nikamwambia Mzee Kobus, "Sasa hakuna anayenidai."