Bi Mdogo wa Kitwana

Mwanamume akipenda kitu cha chuma usimtafutie dawa, mtafutie mke mwenye subira. Kitwana, karani wa kupima korosho wa chama cha ushirika pale Bagamoyo, alikuwa na vyote viwili, chuma na mke. Kosa lake ni kudhani atakaa navyo maisha bila kuulizwa siku moja achague kimoja.

Chuma chenyewe kilikuwa Pijo ya milango miwili, gari la mbio, limeinama mbele na kulala nyuma, na viti vya nyuma vyembamba hata mtu mzima akivikalia magoti humfika kidevuni. Alilinunua mwaka sitini na nane kwa Mfaransa mmoja mpima barabara aliyekuwa akirejea kwao. Wazee waliona gari lile ni la vijana wa Dar es Salaam wasiokuwa na kazi ya kufanya. Kitwana hakuwasikiliza. Alilipakia mizani na magunia matupu, akalipeleka Kiwangwa kila siku ya kazi, kwenye mchanga na mashimo, kama vile limezaliwa trekta.

Pwani haina huruma na chuma. Upepo wa chumvi ulikula sakafu kutoka chini, na mchanga wa njia ya Kiwangwa ukala kila kinachozunguka. Bahati ya Kitwana ni kwamba teksi nyingi za Dar es Salaam zama zile zilikuwa Pijo za milango minne, na matumbo ya gari lake yalikuwa sawasawa na ya teksi. Ilipokufa klachi alipanda basi mpaka Gerezani, mtaa wa vipuri huko Dar es Salaam, akarudi na klachi ya teksi ndani ya kikapu cha ukindu. Vivyo hivyo rejeta, vivyo hivyo kabureta. Kwenye difu ya nyuma, penye gia za kuzungushia magurudumu, yule Mfaransa alimuusia asitie mafuta ila yatokanayo na mbarika. Yalipoadimika ya kopo, Kitwana akaenda kwa muuza dawa akanunua mafuta ya mbarika yale yale wanayonyweshwa watoto waliofunga choo. Mji mzima ulicheka. Bwanaheri, fundi wake, akiulizwa na wapita njia gari linaumwa nini leo, alijibu kwamba limepewa haluli, msikae nyuma yake.

Sihaba, mkewe, ndiye aliyelipa gari jina. Hawakujaaliwa mtoto, na miaka ya mwanzo yeye alilipenda gari pengine kumshinda mwenyewe. Alikaa mbele, buibui limeshuka mabegani, kioo kimeteremshwa, na wakifika penye njia nzuri alimwambia, "Likaze kidogo, bwana," naye hulikaza. Lakini baada ya jioni nyingi za kula peke yake, huku miguu ya mumewe ikichungulia chini ya gari uani, alisema kwa sauti, "Wenzangu hugawana zamu na wake wenzao. Mimi huyu bi mdogo wangu kachukua zamu zote." Jirani akasikia. Haikupita wiki, watoto wa mtaa wakawa wanakimbia nyuma ya gari wakiimba, Bi Mdogo, Bi Mdogo.

Kitwana hakuudhika na jina. Aliudhika siku ya harusi ya mdogo wake Sihaba, mwaka wa sabini, alipotakiwa kumchukua bwana harusi akafika watu wameshanawa mikono, kanzu ina mafuta mpaka kifuani, kisa gasketi. Sihaba aliwaambia wageni, wala hakunong'ona, "Msameheni, leo ilikuwa zamu ya bi mdogo." Wanawake wakapiga vigelegele. Kitwana akacheka nao, kicheko cha meno tu. Walipofika nyumbani hasira zikamtoka zote pamoja.

"Kwa kuwa unamwonea wivu," alisema, "siku utakayotia mguu wako ndani ya gari lile, talaka yako imepita."

Kwa mtu mwingine neno kama hilo lina marejeo. Kwa Kitwana halikuwa nayo. Talaka mbili alikwisha kumpa Sihaba ujanani, kila moja kwa hasira, na kila mara akamrejea ndani ya eda huku akilia. Iliyobaki ilikuwa ya tatu, na ya tatu haina rejea. Sihaba aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika. "Nimesikia," alisema, akaingia ndani.

Asubuhi Kitwana akajuta, kama kawaida ya watu wa hasira za karibu. Alikwenda kwa Sheikh Mwishehe akamweleza. Sheikh alikunja uso. Maneno ya talaka si mate, alimwambia, huwezi kuyatema ukayalamba. Mguu ukiingia, imepita. Njia ni mguu usiingie, au gari liondoke mikononi mwako.

Basi ikaanza miaka ya ajabu katika nyumba ile. Hawakununiana, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Walipendana vizuri tu. Kitwana akiwa chini ya gari, Sihaba alimletea chai, akachuchumaa pale mchangani akampa spana aliyoitaka bila ya kukosea. Aliosha vioo kwa nje. Akisimama kuzungumza aliweka kiwiko dirishani, lakini miguu yake aliiweka mbali na mlango kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima.

Mama yake Sihaba, Bi Mwanamvua, alikaa Kiwangwa katika shamba lake la mananasi. Kila walipokwenda kumwamkia, Sihaba alipanda basi na Kitwana akafuata nyuma na gari lake, vioo vimepandishwa, akila vumbi njia nzima. Angeweza kulipita basi lile mara kumi. Hakulipita. Alitazama kioo cha nyuma cha basi, akitafuta kichwa cha mkewe kati ya vichwa vya watu, na akikiona moyo ulimwuma kama mvulana anayemfuata msichana wa watu. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Alitamani kusikia tena ile sauti ikimwambia alikaze gari kidogo, akatamani mpaka siku nyingine akawa anajisemea mwenyewe.

Bi Mwanamvua hakuambiwa habari ya kiapo. Waliona haya, wote wawili. Yeye aliona tu binti anashuka kwenye basi na mkwe anakuja nyuma peke yake, akadhani wamegombana na wanamficha. "Watu wa nyumba moja mnanijia kama wapita njia," alilalamika. "Nitakufa na donge hili."

Kitwana akaanza kutafuta hila. Injini ilipochoka aliiweka nyingine nzima kutoka Gerezani, akamwendea Sheikh mbio mbio. Injini si ile, alisema. Sheikh akamuuliza watu wanaliitaje gari. Wanaliita Bi Mdogo. Basi ndilo lile, alisema Sheikh, kiapo kinafuata jina ambalo watu wanalijua. Kitwana akarudi. Akakata sakafu yote iliyoliwa na kutu, Bwanaheri akaunga bati jipya. Akabadili milango. Gari lilikuwa jeupe, akalipaka kijani kibichi mpaka kwenye vikombe vya magurudumu. Alipolitoa barabarani kwa mara ya kwanza, mwanamke mmoja muuza vitumbua akamwambia mwenzake, "Mtazame Bi Mdogo, kabadili doti." Kitwana alisikia. Aliegesha gari akalalia usukani.

"Bwana Kitwana," Bwanaheri alimwambia jioni ile, akifuta mikono, "mimi nakula kwako, nisingesema. Lakini unatengeneza kisichoharibika. Liuze."

Aliahidi kuliuza. Na haki ya Mungu mnunuzi akaja, bwana mwenye hoteli ya chai Chalinze, mtu mzima mwenye fedha yake mfukoni, wala hakuuliza maswali mengi. Sihaba alijua. Siku ile alipika pilau ya mbuzi, akavaa doti ya kanga mpya, akafukiza udi nyumba nzima, na wakati wanaume wanatoka kulijaribu gari alikuwa akiimba jikoni. Kitwana hakuwa amemsikia akiimba tangu harusi ya mdogo wake.

Yule bwana wa Chalinze aliingiza gia kwa nguvu, gari likalia. Akaingiza tena, likalia. Kitwana alikaa pembeni yake, ameshika goti lake mwenyewe. Walipozunguka sokoni kurudi, alikuwa ameshapata sababu. Alisema gari linataka kufanyiwa springi kwanza, si uungwana kumwuzia mtu gari la springi mbovu, arudi baada ya mvua. Springi alikuwa amezibadilisha mwezi uliopita. Sihaba, aliyesimama nyuma ya pazia na sinia ya pilau, alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyempa spana.

Aliwapakulia wakala. Lakini tangu siku ile hakuchuchumaa tena uani, na chai ilikuja kwa kikombe kilichowekwa kizingitini.

Masika ya mwaka wa sabini na nne yalinyesha mpaka vyura wakaingia majumbani. Siku moja adhuhuri, Pazi, jirani yake Bi Mwanamvua, alifika kwa baiskeli, matope mpaka masikioni. Bi Mwanamvua ameanguka tangu jana, alisema, hali chakula, na anamwita Sihaba. Basi halijapita siku mbili. Kitwana akatoka na mwavuli kutafuta gari jingine. Lori la ushirika lilikuwa limekwama Ubena na mzigo wake. Landirova ya hospitali ilikuwa njiani Dar es Salaam. Alirudi amelowa, akamkuta Sihaba amesimama barazani, buibui mwilini, furushi mkononi.

"Nitakwenda mimi nimlete," alisema Kitwana.

"Mtu wa kufa humleti kwenye viti vile."

"Basi ngoja kesho, bibie. Mvua ikikatika basi litapita."

"Mama yangu hangoji basi."

Kitwana alikunja mwavuli. "Gari lenyewe bovu leo."

"Nimekusikia asubuhi ukilitia moto," alisema Sihaba. "Limelia vizuri. Kitwana, siku zote linalia vizuri. Hukuwahi kuliacha likawa bovu hata siku moja."

"Sihaba, ukitia mguu..."

"Najua. Nilikuwepo uliposema."

"Tutakwenda kwa Sheikh. Itatafutwa njia."

"Njia ilikuwepo," alisema mkewe, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Ilikuja kutoka Chalinze na fedha mfukoni, nikaipikia pilau. Mimi sikutaka kukuambia liuze. Nilitaka uliuze mwenyewe bila ya kuambiwa."

Kitwana aliingia garini akakaa na ufunguo mkononi. Miaka yote ile aliomba Mungu lisimwangushe njiani, na sasa aliomba lisiwake. Aliomba maji yawe yameingia kwenye plagi, waya ukatike, betri ife. Akageuza ufunguo. Liliitika mara moja.

Sihaba alifungua mlango wa pili. Kitwana alimwona akisema bismillahi, akauona mguu wake wa kulia ukipanda, unyayo umeshikwa na tope, ukakanyaga lile bati jipya la Bwanaheri. Kisha, badala ya kukaa, aliinamisha kiti cha mbele, akapita, akakaa nyuma, magoti yamefika kidevuni, furushi juu yake.

"Mbona huko?" aliuliza Kitwana. "Kaa mbele. Huko utaumia."

"Kiti cha mbele ni cha mke," alisema Sihaba. Akajifunika uso. "Endesha, bwana. Tunachelewa."

Akaendesha. Gari lilikwenda kama ndiyo kwanza linatoka kiwandani. Lilipita madimbwi yaliyomeza malori, lilipanda vilima vya utelezi, difu yake ya haluli haikulalamika hata mara moja. Kitwana alilichukia kwa kila chuma chake. Nyuma yake alimsikia Sihaba akivuta pumzi, karibu kabisa na shingo yake, karibu kuliko alivyowahi kuwa njia ile tangu siku ya kiapo. Machozi yalimtoka akashindwa kuyafuta, maana usukani ulitaka mikono miwili.

Bi Mwanamvua alikuwa hai. Alilala chumba cha mbele, macho yameshafunikwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Nimesikia gari moja tu," alisema. "Mmekuja pamoja?"

"Pamoja, mama," alisema Sihaba.

"Katika gari moja?"

"Gari moja, mama."

Mzee alitabasamu mpaka ufizi ukaonekana. "Basi mmepatana. Alhamdulillahi. Mkwe wangu yuko wapi? Mwambie aingie, leo hakuna haya."

Kitwana alikuwa amesimama barazani, hajui miguu aipeleke wapi. Kwa yule mzee dini haikumfukuza, kwani mama wa mke hubaki mama hata ndoa ikifa. Ni binti yake ndiye aliyekuwa mtu baki. Aliingia akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mkono."

Akampa. Bi Mwanamvua akapapasa upande wa pili kuutafuta mkono wa binti yake. Sihaba alikuwa ameshauzungushia pindo la kanga, vidole vyote, kabla hajautoa. Mzee akaushika hivyo hivyo, akauweka juu ya mkono wa Kitwana, akaibana yote miwili kwa nguvu aliyobakiwa nayo, akisema kwamba sasa hana donge tena. Kitwana alilisikia joto kupitia kitambaa. Hakuthubutu kuubana mkono ule, wala hakuthubutu kuuondoa wake. Wakakaa vile, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka mama alipopitiwa na usingizi.